Shihi ya Mteremko wa Bi Moza

Jana mmoja wenu kanitumia picha kwenye simu. Maramia imelala ubavu, majani meusi, chungu kimekaa ndani ya sahani na sahani imejaa maji mpaka ukingoni. Chini kaandika: "Shangazi, naimwagia maji kila siku asubuhi na jioni, kwa nini imekufa?" Nikaitizama ile picha, nikaweka simu, nikenda kukosha vyombo, nikarudi bado nimekasirika. Umeizamisha, mwanangu, halafu unaniuliza mimi kwa nini haipumui.

Basi leo nakwambieni yote, maana nyinyi vijana wa Nizwa na Ibra na Sur, na hao wenzenu wa Maskati wanaopanda jabali siku za mapumziko, mnanitia hasira za namna mbili. Ya kwanza ni hiyo ya sahani ya maji. Hiyo hasira ndogo, huja ikapita, na mara nyengine naicheka mwenyewe. Ya pili ni ya kung'oa shihi huko mlimani na mizizi yake mkaileta nyumbani. Hiyo siicheki, na nikifika huko mtajua kwa nini.

Mimi nimefanya kazi kitalu cha miche Firq, nyuma ya magereji, tangu sijaota mvi mpaka magoti yalipokataa kuchutama. Upande mmoja wanagonga mabati ya gari, upande wa pili wanapiga rangi, na katikati sisi tunabembeleza mbegu. Watu wakicheka, eti maua gani yataota kwenye harufu ya grisi. Yaliota. Vyungu vyetu vya mwanzo vilikuwa mikebe ya samli, na mwenzangu wa kazi, Jamali, mtu wa Bangladeshi, akenda gereji ya jirani kuazima mashine ya kutobolea chuma ili mikebe ipate matundu chini. Mwenye gereji alikuwa akimwona tu anasema, "Haya, wale wa maua wamekuja tena." Lakini alikuwa akimpa, na ile mikebe ilikuwa bora kuliko hivyo vyungu vyenu vya rangi ya dhahabu visivyo na tundu hata moja.

Kwanza mjue tofauti, maana wengi wenu hamjui hata mnachokiua. Maramia ni hiyo ya chai. Jani lake pana, laini kama kitambaa cha flaneli, rangi ya kijani kilichopauka. Ni mmea uliozoea mkono wa mtu na yadi ya nyumba, ukiujulia hali utakaa nao miaka. Shihi ni kitu chengine. Shihi hakuipanda mtu. Inaota juu huko Al Jabal al Akhdar baina ya mawe, kichaka kifupi, rangi ya jivu, majani yake madogo kama makombo ya mkate. Mtu mgeni hupita asiione. Mvua ikinyesha kidogo tu, harufu yake inakufikia kabla hujashuka garini. Jamaa zetu waliotoka bara wanasema inafanana na pakanga ya kwao, na hawakukosea, ni ukoo mmoja.

Sasa hili la maji nalijua linakotoka. Linatoka Unguja, limekuja na mama zetu. Sisi tuliporudi huku Oman tulianzia Ibra, na mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na imani kwamba mmea ni kama mgeni, usipomkirimu kakusema. Unguja alikuwa akichomeka kijiti ardhini akageuka, na kijiti kishatoa majani. Alipopewa maramia na jirani yetu wa Ibra, akaanza kuimwagia. Maji ya kukoshea mchele, humo. Maji ya kusuuzia nguo, humo. Sasa fikirini, mtaa ule watu wanagawana maji ya falaji, ule mfereji wa mtaa, kwa zamu, mtu anaamka kukamata zamu yake asije akapitwa, na huyu mama wa Kizanzibari anamimina ndoo nzima kwenye kimmea cha chai. Jirani akasimama mlangoni anatizama, kashika shavu. Akamwambia, "Mama, hicho hakina kiu, wewe ndo una kiu." Jioni mama akamwagia tena, kwa siri. Maramia ilikufa wiki ile ile na mama akasema jirani ana jicho.

Mimi nimeona familia zetu ngapi zikifanya hivyo hivyo. Mtu kazaliwa Nizwa, hajaiona Unguja ila kwenye simu, lakini akishika mpira wa maji ni bibi yake mtupu. Nyinyi mmerithi mkono, nchi hamkurithi.

Basi sikilizeni, sitarudia. Chungu kiwe cha udongo na kiwe na matundu. Sahani itupe. Udongo wa dukani, ule mweusi wa mifuko, usiutie peke yake, unashika maji kama godoro. Changanya na changarawe ya wadi, ya bonde la mto mkavu, nusu kwa nusu, na changarawe uikoshe kwanza itoke chumvi. Kabla ya kumwagia tia kidole mpaka fundo la pili. Ukihisi ubichi, toa kidole ukanywe chai yako, urudi siku nyengine. Maji yakitiwa yatiwe kwenye udongo, si juu ya majani. Jua la asubuhi inalipenda. Jua la adhuhuri la mwezi wa sita hapa Nizwa halipendwi na kiumbe chochote, kwa hiyo kisogeze chungu ukuta wa mashariki, na nafasi baina ya chungu na chungu iwepo, upepo upite.

Kupanda maramia kwa kijiti ni kazi ya wakati wa baridi. Chukua ncha changa isiyo na ua, nyofoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga mnyevu, weka kivulini, usiichokonoe kila saa kuangalia kama imetoa mizizi. Mtu mmoja pale kitaluni, mwanafunzi wa chuo aliyeletwa kujifunza, alikuwa akivitoa vijiti kila asubuhi akivitizama chini halafu anavirudisha. Jamali akamuuliza, "Wewe ukilala, mama yako anakufunua shuka kila saa?" Yule kijana akacheka sana, na toka siku ile akaviacha. Na mkikata maramia ikishamaliza kutoa maua, kateni sehemu laini tu. Mkiingia kwenye mti mkavu wa chini haitochipua tena.

Tulikuja kupata mipira ya matone, na saa ya umeme ya kufungua na kufunga maji. Mwenye kitalu akafurahi, akasema sasa kazi imekuwa nyepesi. Saa ile aliitega kwa kipimo cha majani ya bustani, yale ya kuchezea watoto, na haikujua kwamba safu ya tatu ni maramia. Tuliporudi kutoka mapumziko ya Idi, safu nzima ilikuwa supu. Mimi sisemi mambo mapya mabaya. Nasema saa haina kidole.

Na wale wa vidio za simu, wanaosema shihi inatibu kila kitu kuanzia sukari mpaka talaka, hao nao wana lao. Watu wa jabali wanaitumia, ndiyo. Wanafukiza zizi, wanafukiza nyumba, wanachemsha kidogo kwa tumbo la mtu mzima. Lakini hawaichemshi birika zima wakampa mtoto mchanga, kama alivyotaka kufanya mmoja wenu kwa sababu kaona vidio. Ni kitu kikali. Kama mtoto anaumwa, mpeleke hospitali, na vidio uifute.

Aliyenifundisha shihi ni Bi Moza. Huyu ni mama wa jabali, mfugaji mbuzi, nyumba yake iko mwisho wa kijiji, na nyuma ya zizi lake ulikuwepo mteremko mzima wa shihi. Nilipanda kwake mara ya kwanza kutafuta mbegu kwa ajili ya kitalu. Alinitizama viatu kwanza, halafu uso. Hajui Kiswahili hata neno, kwa hiyo yote ya kwake nakutafsirieni kutoka Kiarabu, na Kiarabu chake cha mlimani mimi mwenyewe kilinipa tabu. Nikamwambia nataka mbegu. Akasema, "Mbegu nitakupa. Mzizi usiniombe."

Akanionyesha kuchuma. Unashika tawi kwa mkono mmoja, unakata juu kwa mkono wa pili, kichaka hiki kidogo na kile kidogo, unakwenda ukihama. Kichaka kimoja hakikatwi mara mbili msimu mmoja. Mbegu zinakuja baada ya maua ya mwisho wa joto, ndogo kama vumbi, na hazifukiwi. Unazimwaga juu ya udongo, unazigandamiza kwa kiganja, basi, maana zinataka kuona mwanga. Mimi nilikuwa nazifukia kama kunde. Akanisukuma mkono, akasema, "Unazizika za nini, zimekufa?"

Na mbuzi wake walikuwa wanaishi kwa mteremko ule. Wakati wa joto hawaigusi shihi, chungu mno. Baridi ikishaipiga, uchungu unapungua, na majani mengine yote yamekwisha, ndipo wanapoila. Kwa mama yule mteremko ndio ghala lake la baridi. Watoto wake wameshuka wote, binti kaolewa Ibra, mtoto wa kiume kajenga Al Kamil kwenye barabara ya Sur na ana duka. Kila mwaka walikuwa wakimwambia, "Mama, shuka." Akiwajibu, "Nikishuka, mbuzi watakula nini?" Na hapo maneno yakiisha, kwa sababu mbuzi walikuwa na chakula, na yeye alikuwa na sababu ya kubaki kwake. Mimi nimepanda kwake miaka na miaka, nikila tende zake na kunusa moshi wake, na sikupata kumwona anataka kitu chengine.

Sasa nakuja kwenye ile hasira ya pili.

Nina mtoto wa kaka yangu, Nasri. Kijana mzuri, mpole, anaswali, hajanikosea adabu hata siku moja. Ana kampuni yake ya bustani hapo Firq. Akapata kazi kwenye hoteli mpya ya mlimani, wakamwambia wanataka bustani ya mimea ya jabali lenyewe, wageni wakitoka vyumbani wanuse Oman. Akaja kwangu na keki. Nikajua ana shida, maana Nasri akija na keki huwa hajaja kula.

"Shangazi, nataka shihi nyingi."

"Nitakuoteshea kwa mbegu. Majira mawili ya baridi, utapata miche imara."

"Majira mawili? Wao wanafungua baada ya Ramadhani."

"Basi wapandie mawaridi. Jabali lina mawaridi, wageni wanakuja kwa mawaridi."

"Mawaridi kila hoteli inayo, shangazi. Hawa wanataka shihi, wameiona kwenye picha."

Nikamwambia shihi kubwa haihamishiki. Mzizi wake unashuka chini baina ya mawe mbali kuliko urefu wa kichaka, ukiukata kimekwisha, hata ukibembeleze kwa maji ya Zamzam. Akasema, "Nimefahamu, shangazi." Kila nililomwambia alisema amefahamu. Akanikatia kipande cha keki, akanibusu kichwa, akaenda zake.

Baada ya muda kanipigia simu, sauti ndogo. "Shangazi, njoo unisaidie, mimea yangu inaumwa." Tukapanda naye kwenye gari yake, tukapita pale kituoni polisi wanapokagua magari ya kupanda jabali, tukafika hotelini. Nikaona. Vichaka vya shihi vimepangwa safu safu kama wanajeshi, vikubwa, vya umri, kila kimoja na mpira wake wa matone unadondosha maji shinani. Nusu vishakuwa vyeusi. Vyengine bado vina rangi lakini ukivigusa majani yanabaki mkononi. Na harufu hakuna. Nilikaa chini pale pale kwenye ukingo wa saruji.

Nikamuuliza, "Umevitoa wapi?"

"Kuna mtu kaniuzia."

Palikuwa na mfanyakazi wake anakunja mipira, nikamuuliza yeye. Hakujua kama ni siri, masikini. Akanionyesha kwa kidole juu ya kijiji: kule nyuma ya zizi la yule bibi, hapakuwa na mtu, tulikwenda na sururu siku mbili. Nasri akatizama viatu vyake. Nikajua kwa nini hapakuwa na mtu. Bi Moza alikuwa Ibra, binti yake kajifungua, mama kashuka kumlea mzazi mpaka arubaini ipite, mbuzi kawaachia jirani.

Sikumpigia kelele. Wenye kunijua wanajua nikikasirika kweli sauti inashuka. Nikamwambia, "Washa gari. Tunakwenda kwake."

"Shangazi, si leo. Nitakwenda mwenyewe na watu wazima, tutamridhisha."

"Mtu mzima ni mimi. Washa gari."

Bi Moza alikuwa amesharudi kwake. Akatupokea mlangoni kama anavyopokea siku zote, akatandika, akaleta tende, akaleta dele la kahawa. Mnajua desturi ya huku, na kama hamjui ni aibu yenu: mgeni akishakunywa, mwenye nyumba anamuuliza, habari gani, kuna ulumu gani, yaani kuna jipya gani. Na mgeni anajibu, kheri, hakuna habari. Hata kama kwao kumeungua moto anajibu hivyo kwanza, ni adabu, ya moto yatakuja baadaye taratibu. Na anayeulizwa ni mwanamume wa msafara. Akamgeukia Nasri.

"Habari gani, mwanangu?"

"Kheri, mama. Hakuna habari."

"Hakuna jipya?"

"Hakuna, alhamdulillahi."

Akamiminia kahawa tena. Nikamngoja Nasri. Nikasema sasa adabu imetimia, sasa ataleta maneno. Akala tende. Akauliza hali ya binti, akauliza mtoto kapewa jina gani. Bi Moza akamuuliza mara ya tatu, pole pole, huku anamtizama usoni, "Kwa hiyo huko mnakotoka hakuna habari yoyote." Akasema hakuna. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho mpaka leo kinaniunguza: mtoto wa kaka yangu kajificha ndani ya adabu za watu kama mwizi ndani ya msikiti.

Nikaweka kikombe chini. Nikasema, "Habari ipo, mama. Huyu ni damu yangu, na yeye ndiye aliyeng'oa mteremko wako."

Bi Moza akasema, "Najua. Jirani waliliona gari, jina lake limeandikwa ubavuni. Nilimuuliza ili aniambie."

Nasri uso ukamvimba. Akaanza kusema atalipa, ataleta magunia ya chakula cha mbuzi baridi yote, ataleta maji kwa gari. Yule mama akamwacha amalize. Halafu akasimama, akasema, "Njooni mtizame," tukatoka nyuma ya zizi.

Wanangu, mimi nimeuona mteremko ule mvua imenyesha, nimeuona umepiga kijivu mpaka juu. Siku ile ulikuwa mashimo. Mashimo matupu, na udongo mwekundu umemwagika baina ya mawe. Juu kabisa, kwenye kingo ambako sururu haikufika, vilibaki vichaka vichache. Mbuzi walikuwa zizini wanalia, amewafungia. Nasri akauliza mbona amewafungia.

Akasema, "Wakitoka watapanda kwenye vile vilivyobaki. Vile ndivyo vyenye mbegu. Baridi hii zitadondoka, na zikiota, mche wa shihi mbuzi anaumaliza kwa kuung'ata mara moja. Magunia yako hayatamzuia mbuzi kupanda mlima." Akavuta ushungi. "Nitawauza."

Nilimwambia, "Mama, wote?"

"Mmoja akibaki ni kama wamebaki wote."

Halafu akamtizama Nasri, akamwambia hivi, na sikuongeza neno: "Mimi sina mtu wa kuwatembeza sokoni. Utawatembeza wewe."

Mnalijua soko la mbuzi la Nizwa la Ijumaa. Mnapiga picha huko. Watu wanakaa kwenye duara, na mwenye mbuzi anapita anazunguka na kamba mkononi, anataja bei, na anayetaka anamshika mkono. Nizwa yote iko pale: baba mkwe wake, mwalimu wake wa skuli, wateja wake. Nasri kavaa kanzu safi na kofia yake nzuri, mkononi kamba, nyuma yake mbuzi wa Bi Moza, wanene, wana mimba, manyoya yanang'aa. Bi Moza hakuingia. Alikaa garini nje, kafunga kioo. Mimi nilisimama ndani baina ya watu, maana nilitaka nione.

Mzunguko wa kwanza mzee mmoja akamsimamisha, akamshika mbuzi kiuno, akamtizama meno. Akauliza, "Hawa wa nani?" Akasema wa mama mmoja wa jabali. "Na mbona anauza majike wenye mimba baridi inaingia? Wagonjwa?" Nasri akasema hapana, si wagonjwa. "Basi ana nini huyo mama?" Nasri akasema ukame. Mzee akacheka, "Ukame gani, mwezi uliopita mlimani kumenyesha." Akamwacha akapita.

Mzunguko wa pili akaulizwa tena, na mwengine. Mbuzi wazuri wakiuzwa kwa haraka watu huogopa, hudhani kuna ila. Bei ikaanza kushuka. Nilimwona anatizama mlango wa kutokea, ambako gari ilikuwa. Kama angeendelea kusema ukame, mbuzi wa mama yule wangekwenda kwa bei ya ngozi. Mzunguko wa tatu, yule mzee wa kwanza kamrudia, "Sema kweli, kijana, wana ugonjwa gani?"

Nasri akasimama. Akasema kwa sauti, na wale wote wa mbele walimsikia: "Hawana ugonjwa. Mimi nimeng'oa malisho yao nikapeleka hoteli. Mama anawauza ili mbegu zilizobaki zipate kuota."

Duara likamgeukia, halafu likaendelea na kelele zake, maana soko ni soko. Mzee yule alilipa bei ya haki. Hakumpa Nasri mkono. Baba mkwe wake aligeuza uso akaanza kuzungumza na mtu wa pembeni. Nasri alizunguka mpaka mbuzi wa mwisho.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo, wala haijatoka. Nasri kaona aibu, ndiyo, na aibu ilimfaa. Lakini kampuni yake ipo, gari yake ipo. Hoteli imeng'oa ile shihi iliyokufa, imetia majani ya plastiki yanayofanana, na wageni wanapiga picha hapo hapo. Aliyelipa ni mama ambaye hakugusa kitu. Kalihama jabali kwa mara ya kwanza katika umri wake, na leo anakaa Al Kamil kwa mwanawe, chumba cha mbele, anatizama malori yanayokwenda Sur. Halafu nyinyi mnaniandikia, "Shangazi, jabali kuna shihi za bure, nichimbe ngapi?"

Ukitaka shihi nyumbani, njoo kwangu, nitakupa mbegu na kiganja changu nitakuonyesha. Itachukua baridi mbili. Huna subira hiyo, panda maramia, na sahani uitupe.

Mimi hupanda jabali kule kila nikipata mtu wa kunipeleka, na mara nyingi anayenipeleka ni Nasri. Nakwenda nyuma ya zizi tupu, nachutama kwa tabu, naweka uso karibu na ardhi. Bi Moza anajua siku zangu. Sijafika hata kwenye lami, simu inalia, na yeye hasalimii wala haulizi habari. Anauliza, "Zimeota?"

Nami namjibu, bado, mama.